Mtaa Usiotaka Kingo

Waliofika Zandaro ni wachache, waliorudi ni wachache zaidi, na aliyerudi akaisema nchi ile bila kuitia chumvi ni mmoja tu: Mwinyikondo, mpeleka barua mstaafu. Mtu aliyetembeza barua miaka thelathini na mmoja haoni haja ya kutia chumvi. Amewaona watu mlangoni, nywele hazijachanwa, na mlangoni ndipo watu huonekana walivyo. Basi habari hii ni yake, na upole uliomo ni wake. Kejeli ni yangu mimi, na siombi radhi.

Njia aliyopitia tuiache, haina faida. Tumkute amekwisha kufika Mbweta, mji mkuu wa Zandaro, amesimama mbele ya meza ya Karani Vuai katika ofisi ya Mtaa wa Randami. Vuai alikuwa mwembamba, nadhifu, mtu wa kuchonga penseli ambayo tayari imechongoka.

"Wewe si wa hapa?" Karani akauliza.

"Si wa hapa."

"Una ndugu hapa? Rafiki? Kiwanja? Umewahi kula chochote hapa?"

"Sijala tangu jana."

"Vizuri sana," Karani akasema, akaandika kwa furaha. "Wewe ndiye tunayemtafuta."

Kumbe sheria ya Zandaro hairuhusu mpaka wowote kupimwa pasipo shahidi mgeni. Wenyeji, inasema sheria, hawawezi kupaona kwao bila kupatamani, kwa hiyo macho yao hayafai. Kazi ya shahidi ni kusimama, kutazama chokaa ikimwagwa chini, kisha kutamka neno moja: "Nimeona." Akiulizwa maoni, hana. Akiwa nayo, ayaweke. Mwinyikondo alivishwa mkanda wa kijani begani, ambao ulimpa ruhusa ya kuvuka chokaa ya mtaa wowote mjini, akapelekwa kulala kwa Bi Mashavu, mkunga, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na chumba cha ziada na moyo wa kukitoa.

Bi Mashavu alikuwa na miaka sabini na minne. Alikuwa mfupi, mnene, na mikono yake ilikuwa imepokea watu wote wa Randami walio chini ya miaka hamsini, wakiwemo Karani Vuai na Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Ngwali. Alimkaribisha mgeni kwa sahani ya mihogo ya nazi na swali moja.

"Umekuja kutupima, mwanangu?"

"Nimekuja kuona tu, mama."

"Haya. Ona na mihogo basi, itapoa."

Randami wakati ule ilikuwa na nyumba mia mbili na kitu, na katikati yake bomba la maji lililojengewa kisima cha saruji. Magharibi ilipakana na Mtaa wa Bandawe, ambao kwa macho ya Mwinyikondo ulikuwa Randami ileile iliyoendelea mbele: mabati yaleyale, kuku walewale, wanawake wakifua wakiimba vilevile. Hilo, aliambiwa, ni jambo la aibu sana kulisema mbele za watu.

Maana Zandaro ina Wizara ya Utambulisho, na kila mwaka Wizara hutoa kibao cha shaba kwa mtaa unaojitambua kuliko yote. Masharti ni manne. Mipaka ya mtaa ijulikane. Tabia ya mtaa ijulikane. Malalamiko yawe machache kuliko ya mitaa mingine. Na kuwe na angalau kiumbe mmoja aliyezaliwa humo ndani ya mwaka, sharti lililoongezwa baada ya mwaka juzi kibao kuchukuliwa na makaburi.

Mwenyekiti Ngwali alikitaka kibao kile hadi akakonda. Hakuwa mtu mbaya, na hili Mwinyikondo alilisisitiza kila aliposimulia. Alikuwa mtu mwema aliyeambiwa na watu wengi kwamba ana maono.

Mkutano wa kutafuta tabia ya Randami ulifanyika juma la kwanza. Wazee walialikwa waseme Mrandami ni mtu wa namna gani. Mzee Pandu, fundi baiskeli, akasimama wa kwanza, akakohoa, akasema, "Sisi Warandami tunasalimiana."

"Bandawe hawasalimiani?" akauliza Karani Vuai.

"Wanasalimiana."

"Basi hiyo si tabia yetu, ni ya watu wote." Akafuta ubaoni.

Mwingine akasema tunaombana chumvi. Bandawe nao wanaombana, ikafutwa. Tunazikana, ikafutwa. Tunawapenda watoto, tunamcha Mungu, tunakunywa uji asubuhi: zote zikafutwa, maana hakuna hata moja ambayo jirani hakuwa nayo. Ilipofika alasiri ubao ulikuwa mweupe kabisa na watu wameanza kuogopa. Hapo Mwenyekiti Ngwali alisimama, akapangusa jasho, akasema kwa sauti ya mtu aliyeteremshiwa jambo, "Mrandami ni mtu asiyekaa pembeni."

Vigelegele vilipigwa mpaka paa likatikisika. Kisha watu wakageuka polepole kutazama mabenchi ya nyuma, walikokaa wale wa nyumba za ukingoni, ambao walikuwa wamechelewa kwa sababu walitoka mbali.

Karani Vuai alikuwa na ushahidi wa kutosha. Alimwonyesha Mwinyikondo ramani ya mtaa iliyojaa vitone vyekundu, kila kitone lalamiko moja. Katikati palikuwa safi. Vitone vyote vilikaa ukingoni, vimebanana kama upele shingoni.

"Takwimu hazina ndugu, Bwana Shahidi," akasema. "Taka ziko wapi? Ukingoni. Ugomvi uko wapi? Ukingoni. Mbuzi waharibifu? Ukingoni. Tukiondoa ukingo, malalamiko yamekwisha."

Mwinyikondo, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, alitoka kuzunguka mtaa kwa miguu. Aliyoyaona yalimfanya akae chini kwenye jiwe. Kila asubuhi Warandami wa katikati walibeba taka zao kwa ndoo, wakazimwaga ukingoni, wakarudi na ndoo tupu. Mbuzi wao waliwafunga ukingoni. Na kwa kuwa ilikatazwa kupaza sauti ikasikika bombani, mume na mke waliokosana walitembea pamoja kwa adabu mpaka ukingoni, wakatukanana huko mpaka wakatosheka, kisha wakarudi nyumbani bega kwa bega. Wenye nyumba za pale walifagia, walisuluhisha, walifukuza mbuzi wasio wao. Na kila jioni Karani alipita kuandika lalamiko kwa jina la nyumba iliyokuwa karibu.

Alimweleza Bi Mashavu haya yote usiku huohuo akiwa amechangamka, kama mtu aliyegundua dawa. Bi Mashavu alikuwa anasukuma chapati. Akachukua moja iliyokwisha kuiva, akaizungushia kisu, akaukata ukingo wake wote na kumpa kilichobaki.

"Hiyo ni nini?"

"Chapati ndogo, mama."

"Ina ukingo?"

Mwinyikondo akaitazama. "Inao."

"Haya, kamwambie Karani."

Alikwenda kweli, akamwambia. Karani alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akajibu kwamba hayo ni mambo ya jikoni na ofisi haiongozwi na unga.

Nyumba arobaini za kwanza zilikatwa mwezi ule. Chokaa ilimwagwa kwa mstari mzuri, watu wa katikati wakashangilia, na Mwinyikondo akasema "Nimeona" bila shida yoyote. Hakuwajua waliokatwa. Hili ndilo lililomtia haya baadaye kuliko mengine yote: kwamba mara ya kwanza neno lile halikumkaa kooni hata kidogo.

Waliokatwa walikwenda Bandawe kuomba wapokelewe. Bandawe iliwakatalia kwa huzuni kubwa, kwani nayo ilikuwa inakata ukingo wake, na ingekuwa kichekesho kutupa nyumba zako za pembeni na kuokota za jirani. Basi kati ya mitaa miwili kukawa na ukanda wa watu wasio wa popote. Hawakuruhusiwa kuteka maji bombani. Wakitaka kuingia Randami, hata kumwona mgonjwa, waliomba kibali cha kuvuka chokaa, ambacho hupatikana baada ya siku saba, muhuri ukigongwa ofisini kwa Karani Vuai.

Miongoni mwao alikuwa mkwe wa Mwenyekiti mwenyewe, mume wa binti yake Sikudhani. Sikudhani alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, na kwa desturi alikuwa amerudi kwa baba yake kujifungulia. Chokaa ikapita kati ya mke na mume. Ndoa haikuguswa, Mwenyekiti alitangaza, ila mkwe wake angemwona mkewe Ijumaa, kwa kibali.

Mwezi wa pili vitone vyekundu vilionekana tena ukingoni. Karani alishangaa, lakini hakushangaa sana. Zilikatwa nyumba sitini, pamoja na ya Mzee Pandu, ambaye mwezi uliotangulia alishangilia kuliko wote na sasa alisimama upande wa pili wa mstari na spana mkononi, akiwaomba watu wamkumbuke. "Mimi ndiye niliyesema tunasalimiana!" akapaza sauti. Hakuna aliyemsalimu. Mwinyikondo akasema "Nimeona," na safari hii alilisema akitazama viatu vyake.

Mwezi wa tatu ukingo ulifika kwa Bi Mashavu.

Mwenyekiti Ngwali alikuja mwenyewe na ndoo ya chokaa, kwa heshima. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, Ngwali. Umekuja kunikata?"

"Si mimi, mama. Ni takwimu."

"Huyo ni mtoto wa nani? Simkumbuki. Nadhani sikumzalisha mimi."

Karani Vuai akafungua kitabu chake, akasoma malalamiko dhidi ya nyumba ile. Kelele. Kelele na kilio. Kelele alfajiri, kisha vigelegele. Kilio cha mtoto mchanga. Kumi na manne yote, na yote ya mwaka mmoja.

"Hao ni watoto kumi na wanne, Vuai," akasema Bi Mashavu. "Umewaandika kama kelele?"

"Ofisi haina safu ya watoto, bibi."

Bi Mashavu akamgeukia Ngwali. "Wewe nilikupokea kwa mikono hii. Ulitanguliza miguu. Mama yako alipiga kelele siku mbili, tukadhani tutawazika wote wawili. Tangu siku hiyo nilijua wewe ni mtu wa kwenda bila kutazama uendako."

Ngwali akacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka wakitaniwa na wazee, na akamwaga chokaa mbele ya kizingiti.

"Na Sikudhani?" akauliza Bi Mashavu, na sauti yake sasa haikuwa na utani. "Nilimpapasa wiki iliyopita. Mtoto hajageuka. Amekaa makalio chini, na siku zimekaribia. Nani atamshika?"

"Utapewa kibali, mama. Siku saba tu."

"Na mtoto ameambiwa asubiri siku saba?"

Hospitali ya Mbweta ilikuwapo, na ilisifiwa sana. Ilikuwa ng'ambo ya mitaa sita, kila mtaa na chokaa yake na kibali chake. Ngwali aliyajua hayo. Alijua pia sheria isemayo kwamba mtoto ni wa mtaa ule mama yake alipolala wakati wa kumzaa, kwamba wale kumi na wanne wangetoka na nyumba waliyozaliwa, na kwamba mwaka ule hakuna mimba nyingine iliyobaki ndani ya Randami ila ya binti yake. Akavaa kofia.

Wote wakamgeukia Mwinyikondo. Alikuwa amekula kwa mwanamke yule miezi mitatu. Alikuwa amelala kwenye shuka alizofua kwa mikono yake. Akasema, "Sikuona."

Karani Vuai akapekua sheria, akapata alichotaka, akatabasamu. "Shahidi asemaye hakuona, ameona kilichomfanya aseme hivyo. Ameona." Akaandika.

Sasa kulikuwa na jambo dogo ambalo wakuu wa Randami walikuwa hawajaliwaza kabla ya kumwaga chokaa. Ofisi ya Mtaa ilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Mashavu, kwa hiyo ilikatwa pamoja nayo. Na muhuri ulikuwa ndani ya ofisi, kwenye saraka ya meza, umefungiwa. Karani Vuai, ambaye nyumba yake ilibaki ndani, hakuweza kwenda kuuchukua, kwa sababu mkazi wa ndani akitoka naye huhitaji kibali cha kurudi, na kibali huhitaji muhuri; shahidi naye aliruhusiwa kutazama, si kugusa muhuri. Alilifikiria suala hili wiki nzima, akasema ni la kuvutia.

Mwezi wa nne Randami ilikuwa na nyumba tatu: ya Mwenyekiti, ya Karani, na ya mjane mmoja aliyekaa nyuma ya bomba, ambaye kwa sababu ya uziwi hakujua kwamba kuna jambo lolote linaendelea. Kulikuwa safi ajabu. Nyasi ziliota bombani. Wizara ilituma salamu kwamba Mkaguzi atafika siku ya Jumatano, na tayari minong'ono ilisema kibao ni cha Randami ikiwa tu mtoto atapatikana.

Uchungu ulimshika Sikudhani Jumatatu, saa nne asubuhi.

Mwinyikondo alikuwa anapita. Kwa mkanda wake wa kijani yeye peke yake ndiye aliyeweza kuvuka kwenda na kurudi, na alipomwona msichana ameshikilia nguzo ya baraza, macho yamemtoka, alikimbia kama hajawahi kukimbia na barua yoyote maishani. Bi Mashavu alikuwa mlangoni kwake, nyuma ya chokaa, ameshaisikia sauti.

"Maji yametoka?"

"Yametoka, mama."

"Rangi yake?"

Mwinyikondo hakujua. Akarudi mbio kuuliza. Akaja mbio kujibu. Akatumwa kumwambia alale ubavu wa kushoto. Akatumwa kuuliza anasikia msukumo wapi. Akatumwa kumwambia asisukume, asisukume kabisa. Mzee wa miaka sitini na mitatu, anahema, akipeleka kati ya nyumba mbili zilizotengana hatua themanini maneno ambayo yangepita kwa ukelele mmoja kama watu wangeruhusiwa kupaza sauti bombani.

Barazani kwa Mwenyekiti, kamati ya mtaa ilikuwa imeketi. Kamati sasa ilikuwa Ngwali na Karani.

"Tuupanue mpaka," Ngwali alikuwa anasema, midomo imemkauka. "Tuutoe kama ulimi tu, umzunguke Bi Mashavu, kisha urudi. Leo tu."

"Kupanua kunahitaji tangazo la siku kumi na nne," Karani akajibu.

"Basi avuke bila kibali. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mwenyekiti. Nitalazimika kuliandika." Na alisema kweli, maskini; alikuwa mmoja wa wale watu ambao wangejiandika wenyewe.

Kutoka ndani Sikudhani alipiga ukelele mrefu. Ngwali akasimama, akaketi, akasimama tena. Mwinyikondo alifika akihema, jasho likimchuruzika, na safari hii hakusimama barazani wala hakuomba ruhusa. Aliingia moja kwa moja.

"Mwanangu," akamwambia Sikudhani, "Bi Mashavu anasema haitawezekana kwa kutumana. Anasema njoo. Anasema kati ya maumivu na maumivu unaweza kutembea, na yeye atakungoja mlangoni."

Sikudhani akamshika mkono, akainuka.

Walitembea hatua ishirini, wakasimama, akajikunja, wakaendelea. Walipofika kwenye chokaa, Ngwali alikuwa amewatangulia. Alisimama mbele yao ametandaza mikono, na machozi yalikuwa yanamtoka, hilo Mwinyikondo aliliona kwa macho yake.

"Sikudhani, mwanangu, nakuomba. Hatua moja tu hiyo, na mjukuu wangu anakuwa mtu wa nje. Si wa Randami, si wa Bandawe, si wa popote. Hatakuwa na maji. Hatakuwa na pa kutaja. Unataka mwanao awe hivyo?"

"Nataka awe hai, baba."

"Nimehangaika mwaka mzima..."

"Baba, nipishe."

Hakumpisha, lakini hakumzuia pia. Mikono ilimshuka yenyewe. Sikudhani akapita pembeni yake, akaburuza miguu juu ya chokaa, akaacha mstari umefutika upana wa nyayo mbili. Upande wa pili mumewe alikuwa anakuja mbio, na Bi Mashavu ameshakunja mikono ya gauni.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, msichana, makalio kwanza, wa bluu kwa muda uliomtosha kila mtu kufa mara mbili, kisha akalia. Vigelegele vilisikika mpaka Bandawe. Upande wa Randami, Karani Vuai alichonga penseli yake na kufungua kitabu.

Alikuwa na kazi ngumu, na aliifanya. Siku ile kulikuwa na kelele katika nyumba ya Mwenyekiti. Kulikuwa na mabishano ya baba na binti hadharani. Kulikuwa na uharibifu wa chokaa. Malalamiko matatu kwa nyumba moja, na nyumba yenyewe, kwa kuwa zilibaki tatu tu, ilikuwa ya ukingoni. Alimpelekea Ngwali barazani karatasi ya amri ya kukata.

"Nisome wapi?" Ngwali akauliza.

"Huna haja ya kusoma, Mwenyekiti. Uliiandika wewe."

Ngwali akatia saini. Wakamwita shahidi mgeni, naye akatuma jibu kwamba anachemsha maji na hana nafasi. Karani akaandika: ameona.

Siku ya Jumatano Mkaguzi wa Wizara alifika, mwanamke mrefu mwenye mwavuli. Alizunguka Randami yote kwa dakika mbili. Mipaka: inajulikana, unaweza kuiona yote ukiwa umesimama mahali pamoja. Tabia: inajulikana. Malalamiko: hakuna, maana mlalamikaji pekee aliyebaki alikuwa Karani, na mjane kiziwi hakusikia lolote la kulalamikia. Kuhusu mzaliwa, Karani alimwonyesha kuku wake aliyetotoa vifaranga sita wiki ileile, na Mkaguzi, baada ya kuitafakari sheria, alikubali kwamba inasema kiumbe na haisemi cha namna gani. Kibao cha shaba kilipigiliwa bombani siku hiyohiyo. Karani Vuai alipiga makofi peke yake, kwa muda unaostahili.

Ngwali hakuwepo. Alikuwa amekaa siku mbili ndani ya nyumba yake ambayo sasa haikuwa ya mtaa wowote, madirisha yamefungwa. Jioni ya Jumatano alitoka. Hakuna chokaa iliyomzuia tena. Alikuwa mtu wa nje kama wengine, na mtu wa nje anaweza kwenda anakotaka, mradi si kwao. Mwinyikondo alikuwa barazani kwa Bi Mashavu, anachambua mchele, akamwona anakuja polepole, hana kofia. Mara mbili alisimama kama anataka kurudi. Alipofika mlangoni hakumtazama shahidi usoni.

"Hodi," akasema.

"Nani?" Bi Mashavu akauliza kutoka ndani.

"Mimi ni Mwen..." Akajirekebisha. "Ni Ngwali, mama."

"Ngwali wa wapi?"

Bi Mashavu aliijua sauti ile tangu kilio chake cha kwanza, na hakuna aliyedhani ameuliza kwa kutojua. Ngwali alitazama nyuma, kule bomba lilikong'aa na kibao chake, akatazama chini, na mtu yule aliyekuwa ametafuta jibu la swali hilo mwaka mzima, kwa ramani, kwa ndoo, kwa mikutano, hakuwa na la kujibu. Mwinyikondo aliacha mchele. Anasema aliwahi kusimama kwenye milango maelfu, na hakuwahi kumwona mtu amesimama mlangoni akiwa peke yake kiasi kile.

Ndani, mtoto alianza kulia njaa. Kilisikika kitanda kikilia, na Sikudhani akimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile. Kisha sauti yake, ya mtu aliyechoka sana.

"Mfungulie, bibi. Ni wa kwetu."